Mstari Uliopita Nyuma ya Jengo Letu

Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliandika historia ya uchaguzi wa jimbo letu, hapa Rexdale, ughaibuni. Nilitaka kuthibitisha kwamba kura za maghorofa yetu hazijawahi kubadili kitu. Rangi ya chama kimoja ilikalia kiti cha bunge la mkoa kwa miongo, kisha ikaja nyingine ikakaa vilevile, na mara nyingi wasiopiga kura walikuwa wengi kuliko waliompigia mshindi. Hali hiyo niliiita uzembe. Niliipa aya nzima.

Mama alikuwa amepata uraia majira ya baridi yaliyotangulia. Ungekuwa uchaguzi wake wa kwanza tangu aondoke Tabora. Nilimsomea jedwali langu akiwa mezani anachambua mchicha.

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nenda tu, mama. Ila matokeo yanajulikana."

"Hata kifo kinajulikana, msomi wangu, na bado tunakula."

Siku yenyewe alivaa gauni la kitenge analovaa kanisani, na kwenye mfuko wa plastiki akabeba viatu vya kazini vyenye chuma mbele. Zamu yake ghalani, karibu na uwanja wa ndege, ilianza saa nane mchana na kwisha saa nne usiku. Vituo vya kura vingefungwa saa tatu usiku. Alitaka twende asubuhi. Nilimwambia anisubiri nimalizie ukurasa, na ukurasa ukazaa mwingine. Tulitoka saa sita na nusu.

Tulikwenda kwenye shule ya msingi niliyosoma, ambako majirani zetu walipiga kura miaka yote. Mama hakuelekea mlangoni. Alizunguka ukuta wa nje, akitafuta karatasi za majina ya wapiga kura.

"Hapa hawabandiki, mama."

"Sasa mtu atajuaje kama yumo?"

Ndani, karani mwenye miwani alilitafuta jina lake, akalikosa. Akasoma anwani kwenye kitambulisho, akauliza kama tumehama. Hatukuwa tumehama. Akamwita mkubwa wake, wakainamia ramani kwa muda mrefu. Mipaka ilikuwa imechorwa upya tangu uchaguzi uliopita, na mstari sasa ulipita nyuma ya jengo letu. Tulikuwa watu wa jimbo la pili. Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Ramani ile niliijua. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Niliipaka rangi mwenyewe, mipaka ya zamani kijani, mipya njano, nikajisifu kwa ilivyopendeza. Sikuwahi kulitafuta jengo letu ndani yake.

Mama alikuwa amemwelewa karani vizuri kabisa. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Si wewe unayeandika mambo haya?"

Nje ilikuwa saa saba na robo. Nilitafuta teksi kwa simu. Gari la karibu lilikuwa umbali wa dakika kumi na mbili. Basi la Kipling, la kwenda kazini kwake, lilikuwa tayari linaonekana kwenye taa za barabarani. Kazi ya mama ni ya kupewa na wakala, siku kwa siku: ukichelewa mara moja, kesho hupigiwi simu.

"Ngoja, mama, tutawahi."

"Tutawahi nini? Si ulisema matokeo yanajulikana?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka. Alipanda basi, akakaa upande wa pili, nisikoweza kumwona.

Nilitembea hadi kanisani. Ukumbi ulikuwa mtupu, makarani wawili wanakunywa kahawa, nami nilimaliza kabla ya dakika tano. Nyuma ya kile kikingio cha kadibodi cha kuficha kura nilisimama na penseli, nikataka angalau kumpigia yule ambaye mama angempigia. Sikumjua. Tulikuwa tumezungumzia uchaguzi ule wiki nyingi, mimi nikisema, na sikuwahi kumuuliza. Nikaweka alama kwa kubahatisha.

Asubuhi nilimkuta jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Kashinda nani?"

"Wale wale."

"Haya."

Nilingoja aniite msomi, anicheke, aniulize jedwali langu linasemaje leo. Aliinua mguu mmoja, akaukausha kwa taulo taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaniomba nimsogezee ndala.