Mto Brazos kwa Chaki

Siku yangu ya kwanza kazini Mesquite, mkuu wa idara ya historia alinipokea kwa uungwana, kisha akanyoosha kidole ukutani. "Ramani hizo zitoe. Jiografia ina mwalimu wake. Wewe wape matukio na tarehe, ndiyo yanayotahiniwa."

Nilikuwa nimefundisha Kisumu miaka mingi kabla ya kumfuata mume wangu, ambaye ni nesi, huku Texas. Nikaziviringisha ramani. Kesho yake nikasogeza madawati, nikachora Mto Brazos, unaokatiza Texas, sakafuni kwa chaki. Kando nikaweka skeli, yaani hatua moja ya mguu ni maili ngapi, na ufunguo wa kueleza alama: duara ni shamba la pamba, mistari miwili ni reli. Nikawaambia, "Kila mmoja asimame pale ambapo angelima pamba."

Wakatazamana. Espérance, binti wa Kirundi ambaye mama yake alifanya kazi ghalani, akavua viatu asije akafuta chaki, akaenda kusimama kwenye ukingo wa mto.

"Hapa, Mwalimu. Mto unaleta udongo mzuri. So watumwa waliletwa huku kwa ajili ya huu udongo?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona kitabu kinasema tu walifika?"

Akalirudia swali kwa Kiingereza, wenzake wasikie. Mkuu wa idara alikuwa mlangoni.

Baada ya kipindi alinipa fomu ya tathmini, ile inayoamua kama mwalimu atabaki. Ilisema nimekaidi maagizo. "Tia saini, uahidi hutarudia."

"Sitaahidi."

"Basi mkataba wako hautaongezwa."

"Usiongezwe."

Haukuongezwa. Nililia ndani ya gari, sitaficha. Tukahamia Houston, nikaomba kazi katika shule moja ya mtaa wa Gulfton. Mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo, aliuliza kwa nini niliondoka Mesquite. Nikamweleza yote. Akanisukumia karatasi. "Chora huo mto." Nikachora. Jumatatu nikaanza kazi, na hadi nastaafu kila somo langu la historia lilianzia ardhini. Tarehe wanafunzi walizijua pia.

Siku hizi walimu vijana hunipigia simu kuuliza kama historia inafundishika bila ramani. Inafundishika, nawaambia, tena kwa raha: ukiondoa mahali, mambo yanaonekana yalitokea yenyewe, na hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana wakubwa wanaipenda hivyo. Nyinyi msiipende.