Mama Yangu Alipoambiwa Akahesabu Watoto Wake

Iko siku moja ambayo hata leo ikinijia, mwanangu, naweka kikombe cha chai chini kwanza ndipo niendelee na mambo yangu. Sijawahi kukusimulia kwa sababu nimechoka nayo. Lakini jana umerudi na habari ya kazi, umeajiriwa uhamiaji, hapa hapa Garissa, na dada zako wamepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama unaoa. Nimekuona ukilipiga shati pasi, ukalitazama, ukalipiga tena. Nimefurahi, Mungu ni shahidi yangu. Nimeogopa pia. Kwa hiyo keti kidogo, shati halitakimbia.

Unajua kwamba kabla baba yako hajanioa na kunileta mjini, nililelewa kambini Dadaab. Unajua tulivuka mpaka wa Somalia kwa miguu, mimi na bibi yako na ndugu zangu, na babu yako akabaki nyuma na ngamia, hatukumwona tena. Hayo umeyasikia. Hili hukulisikia.

Nilikuwa darasa la saba. Abti yako Abdullahi, mdogo wangu huyu mwenye duka la magodoro anayekutania kila Ijumaa kwamba umekonda, alikuwa bado mtoto mdogo. Alfajiri moja tumbo lilimkaza akawa anapiga kelele tu. Mama alikuwa ameenda kuni. Gari la wagonjwa likamchukua likamkimbiza Garissa, na jirani yetu akapanda naye. Mama aliporudi na mzigo kichwani, akakuta habari inamngoja: mtoto lazima apasuliwe, na daktari anataka mzazi aje aweke kidole kwenye karatasi ya kukubali.

Sasa, kambini hutoki bila kibali. Basi likifika kwenye kizuizi, askari anapanda, anayekosa karatasi anashushwa hapo hapo kwenye mchanga. Tukaenda ofisini kutafuta kibali. Mimi nilienda kama mdomo wa mama, maana yeye Kiswahili hakukijua, na mimi cha shule kilikuwa kimeanza kuniingia.

Foleni yetu ilikuwa ya mawe na ndara. Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, kisha akajibanza kwenye kivuli cha ukuta, na aliye mbele akiitwa, tunasogeza mawe. Siku hiyo watu walituhurumia, wakatuachia tusogee mpaka dirishani. Aliyekaa ndani alikuwa kijana. Sura yake imenitoka. Kalamu yake ndiyo ninayoikumbuka, alikuwa akiigonga mezani, tak, tak, kama anayesubiri sisi tumalize kuzaliwa.

"Ana watoto wangapi?" akauliza.

Nikamfasiria mama. Mama akainamisha macho, akasema, "Mwambie wapo, alhamdulillah."

"Nimeuliza wangapi."

"Mwambie Mungu amenipa, nashukuru."

Wewe unaelewa, mwanangu. Kwetu mama hahesabu watoto wake mbele ya watu. Anaogopa jicho la husuda. Wewe mwenyewe nilikuchapa ulipokuwa mdogo kwa kuwahesabu wenzako kwa kidole kwenye sinia la wali. Lakini yule kijana alikotoka labda mama akiulizwa anajibu tu, na yaishe. Aliona mwanamke anayeficha macho na asiyetaka kujibu. Kwake huyo ni mwongo.

"Mama gani hajui watoto wake ni wangapi?" akasema kwa sauti, wote wasikie. "Nyinyi watu mnachukuanga mtoto wa wenyewe mnatafutia kibali, kumbe mnaenda biashara. Toka hapo! Mwambie akahesabu kwanza. Akimaliza arudi."

Walio karibu na dirisha walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka ili yule kijana awaone wao ni watu wazuri, awahudumie. Nimewasamehe zamani, hata mimi siku nyingine ningecheka.

Tukarudi ukutani. Joto lilikuwa limepanda, na mimi nilikuwa namfikiria Abdullahi tu. Nikamgeukia mama nikamfokea. Nikamwambia kuna ugumu gani kutaja namba, mtoto anakufa na wewe unaogopa jicho.

Alikuwepo Mzee Gedi, aliyetusomesha Kurani kambini. Alikuwa amekaa juu ya debe lake anasubiri zamu. Akaniambia kwa Kiswahili chake, ambacho p yote ilikuwa b, nadhani ili mama asielewe na kuaibika, "Wewe msichana. Hiyo sauti umetoa kwa dirisha. Rudisha huko huko. Usibelekee mama yako."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama ndiye aliyesema, taratibu, kama hakuna aliyekosana na mtu. "Si jicho peke yake. Nikisema watano, Maryan nimemweka wapi?"

Maryan alinifuata mimi kuzaliwa. Alifia njiani, kabla ya mpaka, tukamzika kando ya njia tukaendelea kutembea. Kambini aliyetuandikisha aliandika wale aliowaona kwa macho yake. Kwenye kadi tulikuwa watano. Kwa mama tulikuwa sita, na hakuna siku aliyokuwa ameulizwa achague.

Mzee Gedi akainuka, akachukua jiwe lake lililokuwa karibu na mbele, akatuachia sisi nafasi hiyo, yeye akasimama nyuma yetu. Zamu ikafika.

"Haya, amehesabu?"

Mama akasema sita. Nikafasiri sita.

"Kadi inasema watano. Huyu wa sita ni nani?"

"Alikufa," nikamwambia.

"Basi huyo si mtoto wake tena. Ako na wangapi?"

Hilo nililifasiri kama lilivyo. Nilishindwa kupata maneno mengine. Kalamu ikaendelea kugonga. Nyuma yetu Mzee Gedi akasema, "Afande, huyu mama mtoto yake iko hosbitali. Wacha hesabu, bea yeye karatasi aende."

"Mzee, ngoja zamu yako."

Ndipo mama akainua uso, akamtazama yule kijana machoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mwanamume asiyemjua, akasema, "Shan." Watano. Nami nikasema watano. Muhuri ukapigwa, naye akaisukuma karatasi chini ya dirisha bila hata kututazama.

Tulifika Garissa kabla ya magharibi. Mama akaweka kidole, Abdullahi akapasuliwa, akapona, na matani yake unayajua. Ndani ya basi mama alisema mara moja tu, akitazama nje, "Nimemtoa mmoja nimfikie mwingine." Aliishi baada ya hapo miaka mingi, alicheka, aliwabeba nyote mgongoni. Lakini jina la Maryan hakulitaja tena mbele yangu mpaka tulipomzika yeye mwenyewe. Nadhani alimwonea haya mtoto.

Sasa nisikilize. Sikuambii yule kijana alikuwa shetani. Pengine alikuwa hajala, pengine mkubwa wake alimfokea asubuhi. Wala sikuambii uvunje sheria, karatasi lazima ziandikwe na waongo wapo, utawakuta. Ninachokuambia ni kwamba aliye mbele yako amekuja na jambo la nyumbani kwake ambalo wewe hulioni. Kwako ni swali la kumi la asubuhi tu. Kwake ndilo siku nzima.

Watakuja wanaosema lugha yako na wasioisema, Mwethiopia, Mkongo, Msudani. Usimlainishie wa kwenu ukamkazia mwingine. Asiyekutazama machoni, muulize tena kwa upole kabla hujamwita mwongo. Na ukimuuliza mama habari ya watoto, usimlazimishe namba. Mwombe akutajie majina, wewe hesabu mwenyewe kimya kimya. Akikutajia aliyekufa, mwache amalize kumtaja. Mwambie pole. Kisha andika walio hai. Haikupunguzii mshahara, mwanangu, na haichelewishi foleni kama unavyodhani.

Nimesema sana na nimechoka, kwa hiyo pokea dua uende. Mungu akupe riziki isiyomliza mama wa mtu. Akupe subira mchana wa joto, watu wakiwa wengi na wewe umechoka. Na siku ukisimama wewe mgeni kwenye ofisi ya nchi za watu, akukutanishe na mtu atakayekuuliza vizuri. Na Maryan binti wa mama yangu, ambaye leo nimemtaja, Mungu amrehemu.

Sema amin.