Paskazia na Kitabu cha Mlango wa Nyuma

Paskazia ni Mhaya, na Mhaya usimwambie haiwezekani. Miaka tisa alisugua vyoo vya jengo moja la serikali hapa Dubai, amevaa shati la kampuni kubwa ya watu, na bado alikuwa anapita kwenye korido kama vile jengo kajenga baba yake. Mwaka 2012 akaacha, akafungua kampuni yake mwenyewe, Kagera Star. Wanawake sita, ndoo kumi, na basi dogo bovu ambalo dereva wake nilikuwa mimi.

Leseni huku hupati bila mwenyeji wa kukushika mkono. Kafeel wa Paskazia, yaani mdhamini wake, alikuwa Bibi Ghania wa Rashidiya, mwenyeji mwenye asili ya Unguja. Alikubali kutia sahihi kwa sababu moja tu: Paskazia ndiye mtu pekee aliyewahi kuushinda ukungu wa bafuni kwake.

Tulisafisha vyumba vya Discovery Gardens, vile wanamolala watu wanane kwa zamu, na roshani za Dubai Marina, za watu wasiokumbuka kama wana roshani. Lakini Paskazia alitaka serikali.

"Wapangaji wanahama," alikuwa ananiambia. "Serikali haihami."

Sawa, haihami. Ila ina swali lake moja: umewahi kufanya kazi ya serikali? Hujawahi? Basi hatukupi, mpaka uwe umewahi. Ukiuliza sasa utaanzia wapi, wanakupa kijikaratasi chenye picha ya watu wanapeana mikono. Aliwaambia amewasugulia miaka tisa. Wakamjibu, kwa adabu kabisa, kwamba aliyesugua ni kampuni. Yeye alikuwa ndani ya shati tu.

Mwaka 2014 jengo lile lile likatangaza tenda ya usafi, na safari hii, kwa huruma zao, kampuni ndogo zikasamehewa barua ya uzoefu. Sharti lilikuwa moja: siku ya kukagua jengo lazima uje, na usaini kwamba umekuja. Asiyesaini, bahasha yake haifunguliwi. Paskazia akashona ovaroli mpya ya bluu, jina Kagera Star mgongoni, nyota kubwa kama sahani.

"Wenzako watavaa suti," nikamwambia.

"Suti inasafisha nini?"

Siku ya kukagua nikawasha basi. Nikamshusha. Na miguu yake, ambayo miaka tisa ilizoea njia moja, ikampeleka moja kwa moja mlango wa nyuma.

Mlinzi wa mlango huo alikuwa Shem, Mkenya wa Kakamega, mtu mwenye moyo mzuri na macho yasiyosoma kitu chochote kilichoandikwa mgongoni.

"Mathe! Umerudi?" akamwambia. "Si walisema umekuwa boss?"

"Ni boss, ndiyo. Kitabu cha kusaini kiko wapi?"

"Si ni kile kile. Weka sign hapo, mathe."

Akasaini. Kitabu cha wafanya usafi, kile kile cha miaka tisa. Akapanda ngazi, akakutana na msafara kwenye lifti: wanaume kumi na wawili wenye suti, na ofisa mmoja wa jengo, kijana mwenye marashi makali. Ofisa akamwona, uso ukamng'aa.

"Ah, vizuri. Wewe unajua jengo. Tangulia."

Paskazia alivyonisimulia jioni, alikuwa bado anavimba kwa fahari. Katangulia! Kawafungulia milango! Vyoo vingapi? Arobaini na viwili. Zulia la ghorofa ya nne linaoshwaje? Kwa maji baridi, ya moto yatalikunja. Tangi liko wapi? Juu, upande wa msikiti. Wenye suti wanaandika, yeye anaongea. Alidhani wamemtambua. Kumbe walikuwa wanamtumia kama ramani.

Baada ya siku tano ikaja barua pepe kwa kampuni zote zilizochukua fomu za tenda: maswali na majibu ya ziara. Tukaipeleka kwa Bibi Ghania, Paskazia akasoma kwa sauti, mkono kiunoni.

"Jibu la nne, langu! La saba, langu! La kumi na moja, langu! Bibi, tenda ni yetu hii."

Bibi Ghania akavaa miwani. "Na hapa chini pameandikwa nini? Majibu yametolewa na mfanya usafi wa jengo. Mfanya usafi gani?"

"Si mimi?"

"Wewe ulitia sahihi wapi, mwanangu?"

Paskazia akaeleza. Bibi akavua miwani taratibu.

"Haya basi. Umekwenda harusini, ukaingilia mlango wa jikoni, ukawapikia pilau. Sasa wangojea kadi ya mwaliko."

Bahasha tukapeleka hata hivyo. Ikarudi haijafunguliwa. Sababu: kampuni haikuhudhuria ziara.

Paskazia akaenda kwa yule ofisa wa marashi, safari hii na karatasi ya majibu mkononi. Nilikuwepo, nimesimama nyuma yake.

"Sir, huyu mfanya usafi ni mimi. Kitabu cha nyuma kina sahihi yangu."

Ofisa akatazama karatasi, akamtazama yeye, akafikiri sana, maskini, mpaka nikamhurumia.

"Madam, kitabu hicho kinaonyesha mfanyakazi aliingia. Hakionyeshi kampuni iliingia."

"Na majibu je?"

"Majibu ni mazuri sana. Tunakushukuru."

Akatupa kile kijikaratasi cha watu wanapeana mikono.

Tenda ikaenda kwa kampuni kubwa iliyoleta suti tatu siku ya ziara. Msimamizi wao alikuwa Rafiq, aliyewahi kumsimamia Paskazia zamani. Wiki ya kwanza tu, saa nne asubuhi, simu ikalia tukiwa barabarani.

"Paska, dada yangu, bomba la ghorofa ya tatu limepasuka! Koki ya kufungia iko wapi?"

"Siku ya kukagua hamkuuliza?"

"Paska, maji yanateremka ngazi!"

"Yamefika kwa yule ofisa wa marashi?"

"Yako mlangoni kwake!"

Akaniambia niegeshe basi. Akajiweka sawa kwenye kiti kama anayesubiri chai.

"Rafiq, nataka barua. Kagera Star inasafisha ghorofa ya tatu na ya nne ya jengo hilo, chini yenu, mwaka mzima. Jina la jengo liwepo. Muhuri uwepo."

"Kesho, inshallah."

"Inshallah yako nimeishi nayo miaka tisa. Ipige picha, nitumie. Maji yana subira."

Maji hayakuwa na subira hata kidogo. Barua ikaingia kwenye simu baada ya dakika kumi na mbili, muhuri umekaa upande lakini upo. Paskazia akaisoma mara mbili, halafu ndipo akasema: nyuma ya kioo cha choo cha wanawake, zungusha kulia.

Mwaka ukapita, ghorofa mbili zile tukazing'arisha. Tenda nyingine ikatoka, jengo jirani la ofisi ile ile, na siku ya kukagua Paskazia akaingia mlango wa mbele, gauni la kanisani, viatu vinambana mpaka machozi. Akasaini mstari wa kwanza kwa herufi za kutosha kusomwa kutoka barabarani. Kampuni: Kagera Star. Uzoefu wa serikali: barua imeambatishwa.

Ofisa alikuwa yule yule. Hakumkumbuka. Mmoja wa wenye suti akauliza vyoo viko vingapi, wote wakageuka wakimtafuta mtu wa kumuuliza, na macho ya ofisa yakamwangukia mwanamke mweusi pekee aliyekuwepo.

"Wewe, unajua?"

Kunyamaza, kwa Mhaya, ni kazi ngumu kuliko kusugua. Paskazia akatazama dari.

"Sijui, sir. Ulizeni wafanya usafi."

Wakaandika idadi ya kubuni, kila mmoja yake. Yeye hakuandika kitu. Jana yake alikuwa amevaa ovaroli kuukuu isiyo na nyota, amepita mlango wa nyuma, amesaini kitabu, na amehesabu chumba kwa chumba, hakuna aliyemuuliza ni nani. Bei yake ndiyo pekee iliyolingana na jengo. Safari hii bahasha yetu ikafunguliwa.