Moshi wa Kupanda Mau

Siku niliyopanda Mau kwa gari la moshi nilikuwa msichana wa miaka tisa mwenye kelele za watoto tisa. Tangu stesheni ya Nakuru mama alikuwa ameniambia kwamba nikitoa kichwa dirishani tena atanifunga kwenye benchi kwa leso yake. Nikakitoa. Mimi ni mtoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nimezaliwa nikisikia injini zikipumua nyuma ya jikoni kwetu, na sikuwa nimewahi kuvuka Njoro. Nani angenituliza?

Halafu fayamani wa safari ile, yule wa kulisha moto wa injini, alikuwa baba. Miaka yote alikuwa mtu wa kufuta masizi kule shedi, kwenye banda la injini. Sasa walikuwa wanamjaribu kwenye mlima wenyewe, mkaguzi Mzungu akiwa amesimama mgongoni pake. Akifikisha gari Mau Summit kwa moto mzuri, kazi ni yake. Akishindwa, anarudi kwenye matambara. Mama na mimi tulikuwa tunaenda nyumbani, magharibi, kupanda mahindi, na baba ndiye aliyetaka tusafiri siku hiyo hiyo. Mama alidai kwamba kwake ni safari kama safari nyingine, lakini alivaa gauni lake la kanisani.

Pale landi kila mtu alijua kusoma moshi. Injini zile zilichoma mafuta mazito. Moshi mweusi tititi maana yake fayamani anamwaga mafuta ovyo, na maji hayachemki inavyotakiwa. Moshi wa fundi ni ule mwembamba wa kijivu, ambao huuoni mpaka uutafute. Wanawake wakianika nguo walimsengenya mwanamume zaidi kwa moshi wake kuliko kwa pombe yake.

Mpaka Elburgon mambo yalikwenda vizuri. Misitu ikatuzingira, baridi ikaingia, na kwenye kona niliiona injini yetu kule mbele, ndefu, inang'aa, nikapiga ukelele hadi mtoto wa watu akaamka. Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua. Kisha mlima ukakaza. Gari likaenda polepole kiasi kwamba mtu angeshuka, achume maua, apande tena.

Hapo ndipo moshi ulipogeuka mweusi.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu, aliyekuwa anarudi kwao baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye shamba la Mzungu, akapiga goti lake kwa furaha. "Ona hiyo moshi. Hii gari iko na nguvu kweli."

Behewa zima likachangamka. Watu wakasogea madirishani kuusifu. Mama alikuwa amenishika mkono hadi vidole vinauma.

"Anaharibu," akaninong'oneza. "Ameshikwa na woga."

Nikatoa kichwa nje nikaita kwa sauti yangu yote, "Baba, punguza!" kana kwamba angenisikia. Nilingojea kuvutwa ndani. Badala yake mama naye akatoa kichwa chake, kilemba na vyote, tukabaki tumebanana dirishani, masizi yakitunyeshea, tukiutazama moshi ule kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Tulipomaliza kona ukapungua. Ukawa wa kijivu, kisha ukawa karibu hakuna, na injini ikazidi kuvuta, pumzi zake nzito, zinazolingana. Nikaruka juu ya benchi nikacheza.

"Moto imezima," mzee akasema, safari hii kwa hofu. "Sasa tutarudi nyuma mpaka Nakuru."

"Mzee, kaa tu," mama akamwambia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Mau Summit gari lilisimama kunywa maji. Tulikimbia hadi mbele. Mkaguzi alikuwa ameshashuka na anaenda zake na chupa yake ya chai. Baba alikuwa ameambiwa aendelee na gari bila yeye. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya mama, akitazama chini.

"Ule moshi wa pale kwa kona," akasema. "Uliuona?"

Mama, uso umejaa masizi hadi kwenye nyusi, akamkung'uta bega.

"Moshi gani?"