Dawa ya Mkojo

Ndevu za mahindi zikichemka hutoa harufu ya nyasi iliyonyeshewa. Maji yakianza kugeuka kahawia, harufu hiyo hupata utamu kidogo, kama wa hindi bichi lililosahauliwa jikoni. Watu wengi hawaijui, maana ndevu huzitupa pamoja na maganda. Mimi naijua kuliko manukato yoyote. Mwaka niliotimiza miaka kumi, tangu mahindi ya Uasin Gishu yalipoanza kutoa ndevu mpaka likizo ya Agosti, harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha na ndiyo iliyonilaza. Hata leo nikipita mahali mtu anapochemsha mahindi kando ya barabara, uso wangu hupata moto kabla sijakumbuka sababu.

Tulikaa Pioneer, mjini Eldoret, katika nyumba ya vyumba viwili. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa Kakamega kutafuta riziki, na Baba alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo. Mama alikuwa na duka la dawa lisilo na rafu. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya asali, juu ya jiko palining'inia majani ya mkalitusi, na katika mkebe wa zamani wa kakao mlikuwa na mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha mwenyewe. Kikohozi kilitibiwa kwa kitunguu kilicholowekwa katika asali. Mafua yalikuwa ya kujifukiza: unafunikwa blanketi pamoja na sufuria ya majani yanayotoa mvuke, na unatoka humo macho mekundu, pua imefunguka kama mlango wa kanisa. Miguu iliyopasuka kwa baridi ya Julai ilipakwa mafuta ya kondoo, na hapo mbwa wa mtaa walitusindikiza shuleni kwa heshima kubwa. Kila dawa ilitanguliwa na maombi. Mama alisema jani ni la Mungu na mponyaji ni yeye, lakini ugonjwa ukimzidi nguvu alitubeba mgongoni hadi hospitali bila kusita. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi ukitaja majani ya kuchemsha, wengine hudhani ushirikina na wengine hudhani biashara. Kwa Mama yalikuwa sehemu ya kupika.

Jambo moja tu lilikuwa limemshinda. Nilikuwa nikikojoa kitandani. Nimeandika mengi maishani mwangu, mengi yakiwa mafundisho ya shule ya Jumapili, na sijawahi kuiandika sentensi hiyo. Nililala kitanda kimoja na dada yangu Agneta, juu ya godoro ambalo Baba alilijaza mabaki ya pamba kutoka kiwandani, na pamba ile ilinywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Kila asubuhi Mama aliliegemeza godoro kwenye ua wa nyuma, upande wenye jua, na upande wenye jua ndio ulioelekea njia ya watu waendao kisimani. Hakuwahi kunipiga. Agneta naye hakunipiga, ila alikuwa na ulimi. Eldoret tuna mto uitwao Sosiani, unaopita katikati ya mji, na dada yangu aliutumia vizuri. "Mama, Sosiani ilifurika tena," angesema akikamua shuka. Au wakati wa kulala, akivuta blanketi: "Wewe, ukisikia maji yanakuja, niite nipande mti." Nilicheka naye, kwa kuwa asiyecheka huchekwa zaidi, kisha nikageukia ukuta.

Mwaka ule kanisa letu lilitangaza kambi ya watoto wanaojiandaa kwa kipaimara. Ingekuwa Kaptagat, kwenye msitu, wakati wa likizo ya Agosti, na wasichana wangelala pamoja sakafuni katika darasa moja, wakishiriki magodoro na mablanketi. Asiyekwenda kambini hangepokelewa pamoja na wenzake. Angengoja mwaka mwingine, na kanisa zima lingeuliza kwa nini. Nilikuwa nimeyakariri mafundisho yote na niliitamani Meza ya Bwana kwa moyo wangu wote wa mtoto. Lakini nililiona lile darasa la Kaptagat, na asubuhi yake, na wasichana wakiamka mmoja mmoja na kugusa nguo zao. Nilimwambia Mama sitaki kwenda. Aliendelea kuchambua mboga. "Utaenda," alisema. "Dawa haikosi."

Alikwenda kwa Mama Chebet. Huyu alikuwa jirani yetu na mshirika wa kanisa letu, mwanamke Mkalenjin aliyetuletea maziwa kila asubuhi na ambaye elimu yake ya miti na mizizi ilizidi ya Mama. Mama aliongea Kiluhya, Mama Chebet aliongea Kinandi, na kati yao palikuwa na Kiswahili tu, ambacho hakuna aliyezaliwa nacho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gauni la Mama, naye kwa kunihurumia akatafuta maneno ya kunifunika.

"Mama Chebet, niko na shida na huyu mtoto. Mkojo inamsumbua."

"Mkojo?"

"Mkojo. Tangu kitambo."

Mama Chebet aliniangalia kwa huruma nyingi. "Pole, kasichana. Dawa ya mkojo iko. Si mbali, iko tu kwa shamba." Akaeleza: ndevu za mahindi mabichi, kiganja kimoja kilichojaa, zichemshwe mpaka maji yawe rangi ya chai, ninywe kikombe kikubwa asubuhi na kingine jioni. Mama alishukuru mara nyingi. Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono, akanifinya kidole, jambo alilolifanya akiwa na furaha.

Tulizianika ndevu kwenye ungo, juu ya mabati ya choo. Mama aliona kwamba kwa kuwa shida yangu ilikuwa ya usingizini, busara ni kikombe cha jioni kiwe kikubwa zaidi, na ninywe karibu na kulala ili dawa ifanye kazi nikiwa nimelala. Tuliomba, nikanywa. Asubuhi hata mto wa Agneta ulikuwa umelowa. Tukaomba tena, nikanywa tena. Siku zilivyokwenda, godoro liliacha kukauka kabisa, likawa linarudishwa ndani likiwa zito na kunuka ukungu. "Dawa ya moto ni moto," Agneta alisema, "na dawa ya maji ni maji." Mama alimkemea. Mimi nilikuwa na wazo jingine, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko mzaha. Tulifundishwa kwamba aombaye kwa imani hupewa. Mama aliomba kwa imani, niliisikia sauti yake ikitetemeka. Kwa hiyo imani iliyopungua ilikuwa yangu. Nilidhani Mungu ananiona mchafu na hataki niikaribie meza yake, na kwamba godoro lile ndilo jibu lake.

Asubuhi moja Mama Chebet alipoleta maziwa, aliuliza kama dawa inafanya kazi. Mama, macho chini, akajibu, "Anakojoa sana, Mama Chebet. Sana."

"Asante Mungu," Mama Chebet akasema. "Usiache. Ongeza kidogo."

Nilimwona Mama akisimama na ile sufuria ya maziwa mkononi, akijaribu kuielewa shukrani ile. Hakuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini aibu ni pingu ya mdomo. Akaongeza kidogo.

Jumapili iliyotangulia kambi, Pasta alipoita wenye ushuhuda, Mama Chebet alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakuhitaji kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina," tukajibu.

"Iko mtoto hapa. Huyu wa Mama Agneta. Huyu mtoto alikuwa amefungwa. Alikuwa hawezi kukojoa, anateseka tu, na mama yake analia. Mungu akanikumbusha dawa ya mkojo. Sasa amefunguliwa. Nimeuliza mama yake mwenyewe, ameniambia anakojoa, anakojoa sana. Si tumpigie Mungu makofi?"

Wakapiga. Kanisa zima, akina baba upande wa kulia, akina mama upande wa kushoto, na safu yetu ya watoto wa kipaimara tuliokaa mbele. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipogeuka nikaona Mama naye ameelewa, mkono wake uko mdomoni. Dawa ya mkojo. Kwa Mama maneno hayo yalikuwa dawa ya kuuzuia. Kwa Mama Chebet yalikuwa dawa ya kuuleta, na hiyo ndiyo kazi ya ndevu za mahindi tangu zamani. Lugha iliwapa neno moja, na aibu ikawanyima la pili. Laiti Mama angesema wazi kwamba mtoto wangu hulowanisha kitanda, Mama Chebet angecheka na kutupa dawa nyingine. Mficha uchi hazai, nasi tulikuwa tumeuficha kwa upendo.

Pasta aliniita mbele. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, akaniuliza kwa upole, "Mtoto, ni kweli sasa unakojoa vizuri?"

"Ndiyo, Pasta," nikasema. Ilikuwa kweli kuliko alivyojua. Agneta, mwenzangu wa godoro, alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa benchi, mabega yakitikisika, na akina mama waliokuwa karibu wakadhani analia kwa furaha.

Mama alimwaga ndevu zote jioni ile. Nilikwenda Kaptagat. Usiku wa kwanza ulipita salama. Asubuhi baada ya usiku wa pili nilikuwa nimelowa, na wasichana wawili walioshiriki blanketi nami pia. Nilingoja. Yule wa kulia aliketi, akagusa gauni lake, akaniangalia. "Kumbe dawa ya Mama Chebet ni kali hivi," alisema. Wengine wakaamka, wakaelezwa, wakacheka kama watu wanaochekea habari njema. Mmoja alinisaidia kubeba blanketi hadi juani. Hakuna aliyeniita jina baya, kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto aliyefunguliwa, na aliyefunguliwa ana ruhusa ya kuzidisha. Nilipokea kipaimara pamoja na wenzangu. Nilipiga magoti pale nikiwa na furaha, na chini ya furaha nikiwa na aibu isiyotaka kuondoka, kwa sababu niliingia kwa mlango ulioachwa wazi kimakosa.

Gharama yake niliijua baadaye, kwa Mama. Alikuwa amekwenda kumweleza Mama Chebet ukweli. Mama Chebet hakucheka. Alisema amesimama mbele za Mungu na kushuhudia uongo, na Jumapili atasimama tena aufute. Mama alimwomba asifanye hivyo. Alimwambia, mtoto atauficha wapi uso wake? Mama Chebet alifikiri mpaka maziwa yakapoa, akakubali. Hakufuta. Lakini tangu siku ile hakutoa ushuhuda tena. Pasta alipoita, yule mwanamke aliyesimama kila mara wa kwanza alitazama viatu vyake, na mimi, safu kadhaa mbele, nilihisi, bila kugeuka, kichwa chake kikiinama. Niliacha kulowanisha kitanda mwaka uliofuata, bila dawa yoyote, kama watoto wengi waachavyo. Yeye aliendelea kuubeba mzigo wangu muda mrefu baada ya mimi kuutua.

Nilipokuwa mtu mzima, nikifundisha kanisani, nilimtembelea. Alikuwa amezeeka na kuhamia Kaptagat kwa wanawe. Nilimwambia nataka kulieleza kanisa jinsi ilivyokuwa ili atuliwe mzigo ule. Alinimiminia chai. "Wacha," alisema. "Mungu anajua Kiswahili yangu." Akaniuliza kama nimeolewa na watu wazuri. Alifariki muda mfupi baadaye, na ndiyo maana naandika.

Sasa nakaa na mwanangu katika nyumba ya ghorofa, Pioneer hiyo hiyo. Mjini kuna maduka yanayouza asali na majani yaliyosagwa katika chupa zenye karatasi nzuri, na nashukuru, hasa kwamba maelezo yameandikwa na hakuna haja ya kubahatisha maneno. Mjukuu wangu mmoja hulowanisha kitanda. Mama yake alimuuliza daktari, akaambiwa angoje na asimwogopeshe, akanunua kitambaa cha plastiki cha kutandika chini ya shuka. Basi. Hakuna mtu nje ya mlango wetu anayejua. Nafurahi kwa ajili ya mtoto, na nikifurahi hivyo hujiuliza ni nani siku hizi angeniazima hata sikio, achilia mbali nafsi yake mbele za Mungu, kama alivyofanya Mama Chebet. Nyuma ya ukuta wetu anaishi mama kijana aliyehamia mwaka huu. Mtoto wake amekuwa akikohoa, kikohozi kikavu, nami nakisikia nikisoma Biblia yangu ya jioni. Nilivumilia kwa muda nikijiambia siku hizi watu hawapendi kuingiliwa. Jana nilikata kitunguu, nikakiloweka katika asali, nikatoka na kikombe hadi mlangoni pake. Nikabisha. Zamani mtu hakubisha bila kuita, na aliyeitwa aliitwa kwa jina la mtoto wake. Nilifungua mdomo niite, na nikakuta sijui ni Mama nani.