Roki Nzito ya Ndandalo

Niliandika upya ukurasa wa kwanza mara kumi na moja, na bado sikuridhika. Redio yetu ndogo ya jamii hapa Kyela ilikuwa imenipa nusu saa, Jumamosi saa nane mchana, nilinganishe bendi za roki za zamani na za sasa, milio yao na mionekano yao. Bosi wa vipindi, dada mmoja aliyehamia huku kutoka Tanga, aliniambia wazi: wasikilizaji wakipenda, kipindi ni changu kila wiki, wasipopenda, muda ule unarudi kwa salamu na nyimbo za kuombwa kwa simu. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Gitaa nilijifunza peke yangu, kuandika nilijifunza peke yangu, na mtu wa aina yangu anaishi akingoja siku atakapoulizwa, "Kwani wewe nani alikufundisha?"

Bendi za sasa nilizijua kwa simu. Vijana wenye makoti meusi ya kofia, nyuso wamezificha, kila pigo la dramu limenyooshwa na kompyuta mpaka hakuna pa kupenyeza wembe. Kabla yao wale wa miaka ya tisini, nywele hazijachanwa, sweta kama za kuokota kwenye robota la mitumba pale mpakani Kasumulu, wanaimba kama watu walioamshwa kwa nguvu. Na kabla ya hao wote, kwenye daftari langu, ilisimama bendi ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na bendi kweli. Miaka ya sabini yeye na wenzake wanne wa Ndandalo walisikia roki iliyokuwa ikipigwa Zambia, magitaa yanayokwaruza kama msumeno, wakaona na wao wanaweza. Hawakudumu. Kilichobaki ni picha moja na kaseti moja, na kaseti hiyo ilikaa kwetu kwa sababu mama ni mdogo wake.

Nilikua nikiisikiliza. Nyumbani hatukuwa na umeme. Redio kaseti yetu ilitumia betri kubwa sita, nazo zikichoka tulizianika juani pembeni ya mkeka wa mpunga, tukazigeuza, tukazirudisha, zikapata nguvu ya nyimbo tatu au nne. Nilipopata simu yangu ya kwanza niliiweka mbele ya spika, nikarekodi upande mzima, nyimbo nne. Nilifanya vizuri, maana mwaka uleule kaseti ilimezwa na mashine, ikakatika vipande. Tangu hapo rekodi ya simu ndiyo ikawa bendi ya mjomba.

Ilikuwa na sauti nzito ajabu. Dramu zilitembea kama mtu anayevuka jaruba la mpunga lenye tope, besi ilizama, na waimbaji walikuwa na vifua vya wanaume wa miaka hamsini. Ili nipige pamoja nao nililegeza nyuzi za gitaa langu mpaka zikawa zinagonga ubao. Nikaamini hiyo ndiyo siri ya wazee. Kwenye daftari niliandika sentensi ambayo niliipenda kuliko zote nilizowahi kuandika: "Bendi za zamani hazikuwa na haraka, kwa sababu hasira ya kweli haina haraka." Kuhusu picha niliandika nyuso za uasi. Wawili mbele wamevaa bugaluu, suruali za miguu mipana, na viatu vya raizoni vya soli nene, watatu nyuma wanaonekana kuanzia kifuani, nywele za afro zimejaa, hakuna hata mmoja anayetabasamu.

Ijumaa, siku moja kabla ya kipindi, nilipanda baiskeli kwenda Ndandalo nimsikilizishe mjomba. Nilimkuta akigeuza kakao kwenye vichanja.

"Ugonile, mjomba."

"Ndaga, mpwa wangu. Umekonda. Hiyo redio inakulisha kweli?"

Nikampa simu. Akaisogeza sikioni, akakunja uso.

"Hawa kina nani?"

"Ni nyinyi."

"Sisi akina nani?"

"Bendi yenu, mjomba."

Akasikiliza tena. "Na huyu anayeimba kama amebeba gunia anapanda milima ya Matema?"

"Ni wewe."

Alicheka mpaka akaegemea kichanja. Halafu akaanza kunihoji kama polisi: kaseti niliipigia wapi, redio gani, betri zilikuwaje. Nilipofika kwenye kuanika, akapiga paja.

"Mpwa wangu, wewe hukurekodi bendi! Umerekodi betri zinakata roho! Zikichoka, kaseti inajikokota."

Akaanza kupiga makofi kunionyesha mwendo wenyewe. Ulikuwa wa mbio. Akaimba ubeti mmoja, na sauti ikatoka nyembamba, ya juu, karibu ya msichana. Sauti hiyohiyo niliyomjua nayo maisha yangu yote. Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani uzee ndio umemkausha koo.

"Watu walitaka kucheza," alisema. "Ukipiga polepole wanatoka nje kuvuta sigara."

"Na kwenye picha mbona hamkucheka?"

"Mpiga picha alituambia tubane pumzi, atakayetikisika anaharibu. Halafu bugaluu zenyewe zilikuwa mbili. Hao wa nyuma wamevaa kaptura za shule."

Yeye alikuwa mbele, na alilisema hilo kwa fahari.

Nilirudi na mchana mzima mkononi. Sasa naungama. Nilikuwa na muda wa kubadilisha. Nilikaa mezani, nikajaribu, na kila sentensi mpya ilitoka na kilema. Sentensi za kweli zilikuwa mbichi, zinachechemea. Zile za uongo nilikwisha kuzisugua mwezi mzima, zinang'aa. Nilijiambia nitaamua asubuhi. Asubuhi nikajiambia nitaamua njiani. Saa nane nilikaa mbele ya kipaza sauti nikasoma zile za zamani, neno kwa neno, nikipumua pale nilipoweka alama ya kupumua. Nikaipiga rekodi. Nikasema hasira ya kweli haina haraka, huku nikijua kwamba mjomba wangu alikuwa kijana wa sauti nyembamba anayekimbia ili watu wasitoke nje.

Ujumbe ukamiminika kwenye simu ya studio. Mmoja aliandika, "Kumbe wazee wetu walikuwa wagumu hivi!" Mwingine wa Ipinda akataka roki nzito ya Ndandalo irudiwe.

"Mdogo wangu, kipindi unacho," dada alisema.

Sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilichokitaka nilikuwa nacho, na nilikichukia. Jumatatu nilimfuata dada ofisini nikamweleza yote, kuanzia mkeka wa mpunga.

"Nani amelalamika?" aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ni uongo, dada."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia pancha. "Wewe una shida, walahi. Wenzako wanakosea majina ya wilaya na wanakunywa chai. Haya, dakika moja, mwanzo wa kipindi. Moja! Usiniletee hotuba."

Dakika moja niliiandika siku nne. Ilifika kurasa tatu. Nikaipunguza, ikakosa maelezo. Nikaijaza, ikawa hotuba. Jumamosi niliingia studio na karatasi iliyofutwafutwa mpaka sikuweza kuisoma, nikaongea bila kusoma. Nilisema "eee" mara tisa. Najua kwa sababu nilijirekodi. Nilieleza betri, nikaeleza mwendo, na kwa kuwa sikutaka kubakisha kosa hata moja nikaeleza na bugaluu mbili na kaptura za shule. Kisha nikapiga rekodi ile niliyokuwa nimeiharakisha kwa programu ya simu mpaka ikafikia makofi ya mjomba. Zilikuwa sauti za wavulana watano wakikimbizana. Mimi niliona ni nzuri, tena nzuri kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye daftari langu.

Zilikuja jumbe mbili tu. "Zile za wiki iliyopita ndizo roki, hizi za harusini." Na wa pili: "Maneno mengi, wekeni muziki."

Jumapili nilikwenda Ndandalo. Sitaficha, nilikwenda kusifiwa. Nilijua angalau mtu mmoja Kyela nzima atathamini kwamba nimesahihisha. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba, hakunyanyuka.

"Ulinisikia jana?" nilimuuliza.

"Nilikusikia."

"Sasa iko sawa?"

"Iko sawa."

Nikamuuliza kama mwendo ulikuwa ndio wenyewe au bado. Akasema ndio wenyewe. Nikamuuliza kama sauti yake aliitambua.

"Wiki nzima," alisema, "pale tunapopeleka kakao kupimwa walikuwa wananiita Mzee Roki. Vijana wananipisha kwenye kiti. Wananiuliza, mzee, mlikuwa mnamkasirikia nani? Nikawa nawaeleza."

"Unawaeleza nini, mjomba? Si uliniambia mlitaka watu wacheze?"

"Nilikuwa nafika huko. Hasira ilikuwepo pia. Siku zile kulikuwa na mambo mengi." Akakwangua tope kwenye kisigino. "Leo nimetoka kanisani, mtu mzima na heshima zake ananiuliza, eti kaptura yako ilikuwa ya rangi gani."

"Lakini wewe ulikuwa mbele! Wewe ulivaa bugaluu."

"Hukusema nani alikuwa mbele."

Kweli sikusema. Kati ya yote niliyoyajaza kwenye dakika ile, hilo nililisahau.

"Ulitaka kusahihisha muziki, ungesahihisha muziki," aliendelea. "Hilo la suruali nani alikuuliza?"

"Nilitaka yote yawe sahihi."

"Yote," alisema, bila hasira, kama anayerudia bei aliyotajiwa. Halafu akaniangalia usoni. "Wiki ijayo si utasema tena? Sema kidogo kwamba tulikuwa wagumu. Si lazima useme polepole. Wagumu tu. Si kipindi ni chako sasa?"

Ni changu. Nilikaa naye pale ngazini nikitafuta jibu, na kila nililolipata nililirekebisha kichwani kabla ya kulitoa, mpaka akachoka kunisubiri, akaingia ndani.