Rika la Dada Yangu

Mwezi uliopita nilishuka stendi ya Nachingwea asubuhi, na kabla sijapokea begi langu nikanusa ming'oko. Kama hujawahi kula ming'oko sijui nikueleze vipi. Ni mizizi myembamba ya porini, huchimbwa kiangazi na kuchemshwa kwa chumvi, nawe unaimenya kwa meno huku unatembea. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu yake juu ya kiroba. Nikanunua, nikala palepale nimesimama, mtu mzima na miwani yangu, na machozi yakanitoka. Muuzaji akadhani ni vumbi, akanipa pole.

Halikuwa vumbi, rafiki yangu. Ming'oko ilikuwa ndiyo ya kwanza kuliwa Siku ya Mapya, na Siku ya Mapya haipo tena.

Tulilelewa na bibi, mimi na dada yangu, katika kijiji kimoja upande wa Ruponda. Kila mwaka, ufuta ukishauzwa, mahindi yakishaingia ghalani na korosho bado hazijaanza kudondoka, kulikuwa na siku moja ambayo hakuna nyumba iliyokula kwake. Alfajiri uliamshwa na vinu. Kisamvu kilitiwa karanga, mbaazi zikatiwa nazi, na jogoo waliokuwa wakijidai uwanjani wiki nzima hawakuonekana tena. Kazi yetu watoto ilikuwa kufagia uwanja wa shule na kubeba togwa kwenye ndoo bila kuionja, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana. Wanaume walikoka moto wa mabua, wakazipasha ngoma mpaka ngozi zikaanza kulia vizuri.

Kila nyumba ilikuja na chungu chake. Wamakua waliohamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma, ambao wengi wao walikuwa Wakristo, walikuja na vyao; kuchinja waliwaachia Waislamu ili mtu yeyote asisite kwenye sinia. Mzee kipofu wa mtaa wa chini aliletwa na watoto waliogombana njia nzima nani amshike mkono. Nesi wa zahanati naye alitundika mizani yake kwenye boriti ya darasa, akapima watoto wachanga huku mama zao wakingoja zamu ya kucheza. Wale ambao hukuwaona kliniki mwaka mzima, siku hiyo uliwaona.

Sasa nikwambie habari ya dada yangu, maana ndiye niliyemlilia pale stendi. Dada alikuwa na kifafa. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitikia nyimbo kuliko wote, lakini kijijini walimjua kwa kuanguka kwake. Watu waliamini povu lake likikugusa na wewe umekwisha. Kwenye nyumba za watu alitengewa kikombe chake, na kwenye misiba walimpakulia pembeni. Hakuna aliyemtukana. Walimsogeza tu, kwa upole, na sidhani kama kuna kitu kinachouma kuliko kusogezwa kwa upole.

Ila Siku ya Mapya ilikuwa na sheria yake. Watu walikula kwa rika. Wasichana waliozaliwa miaka ya karibu walikaa kwenye sinia moja, wavulana vilevile, na akina mama, na wazee. Rika lililokula pamoja ndilo lililoingia pamoja kwenye ngoma. Na hakuna rika lililoruhusiwa kuanza kula mpaka watu wake wote wamefika.

Bibi yangu ndiye aliyepita kwenye masinia kuangalia. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, lugha yake ilikuwa Kimwera, lakini siku hiyo kilimtosha kabisa. Mwaka dada alipofikia umri wa kukaa na wenzake, jirani yetu, mama mwenye sauti kubwa, alikuja akamshika binti yake mkono na kumwinua kwenye sinia.

"Huyu ntampakulia nyumbani," alisema. "Bibi, unajua mwenyewe. Lile povu."

"Rika halijatimia," bibi akasema. "Hakuna kutia nkono."

"Bibi, mimi nasema kwa wema."

"Wema wako kaupe mbuzi wako, nkale wote huko banda. Ntoto mwache akae."

Uwanja mzima ukacheka, na jirani mwenyewe akacheka kwa aibu. Chakula kilikuwa kinapoa, wasichana walikuwa na njaa, na macho yote yalikuwa kwake. Akamwachia binti yake. Binti akakaa bega kwa bega na dada, akachovya tonge palepale dada alipochovya. Wala hakuanguka yeye, wala hakuanguka mtu mwingine.

Wakala hivyo mwaka ule na miaka iliyofuata. Kisha ukaja mwaka ambao dada aliangukia katikati ya ngoma. Nakumbuka ngoma zilivyokatika. Nakumbuka akina mama walivyorudi nyuma wakivuta watoto wao, na mimi nikiwa mdogo nimegandia nguo ya bibi. Lakini rika lake halikurudi nyuma. Binti wa jirani alivua kanga yake ya kiunoni, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha dada. Mwingine akamlaza ubavu, taratibu, kama nesi alivyowaonyesha. Wengine wakasimama kati yake na moto. Wakangoja. Alipofumbua macho wakamfuta uso, wakamkalisha, na binti wa jirani akawageukia wapiga ngoma akawaambia, "Mbona mmenyamaza? Bado zamu yetu."

Ngoma zikalia. Dada aliitikia wimbo akiwa amekaa chini, sauti yake bado nzito.

Kuanzia hapo hakwenda tena kisimani peke yake. Walimpitia asubuhi, wakamtania kwa uvivu wake, wakaondoka naye. Siku za kuchukua vidonge zahanati, mmoja wao alimsindikiza. Hakuna aliyeitisha kikao kuyapanga hayo, na hakuna aliyeyaita msaada. Walikuwa wamekula naye, basi.

Umeshanielewa ninakokwenda. Ukaja mwaka wa kipindupindu, na viongozi wakakataza watu kula pamoja. Walikuwa na haki, sibishi. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umekwisha, lakini kila nyumba ilingoja nyumba nyingine ianze. Nesi alikuwa amehamishwa. Bibi alikuwa kitandani, na mwaka uliofuata tukamzika. Vijana wakaleta spika na jenereta, wakacheza wenyewe kwa wenyewe; wazee wakalalamika kuhusu kelele na kufunga milango. Wasichana wa rika la dada wakaolewa mmojammoja, huyu Masasi, huyu Mbekenyera, binti wa jirani akaenda Ruangwa mjini. Mimi nikaenda kusoma, kisha kazi ikanishika Dodoma. Dada akabaki kwenye nyumba ya bibi, na vidonge akavifuata peke yake alipojisikia kwenda.

Wakakua watoto ambao hawakuwahi kukaa naye kwenye sinia. Walichojua kuhusu dada yangu ni kile ambacho mama zao waliwanong'oneza.

Kiangazi kimoja alikwenda kuchota maji mtoni, pale watu wanapochimba mchanga mpaka maji yatoke. Akaanguka kifudifudi. Maji yale, rafiki yangu, hayakufika hata kifundo cha mguu. Palikuwa na watoto wakubwa na ndoo zao, wenye nguvu za kutosha kumgeuza. Walisimama mbali wakapiga kelele za kuomba watu. Watu walipofika ilikuwa imekwisha. Siwalaumu watoto wale hata kidogo. Ningekuwa mmoja wao, na sijawahi kuona mtu akimkunjia dada kanga, ningesimama palepale waliposimama.

Basi, siku ileile niliyokula ming'oko stendi, nilikuta kwenye uwanja wa mpira pale mjini kuna bonanza la afya. Mahema, muziki, watu wamevaa fulana za rangi moja, foleni ya kupima presha. Nesi kijana alikuwa na kipaza sauti, anaeleza kifafa hakiambukizi, akaomba mtu ajitokeze aonyeshe namna ya kumsaidia aliyeanguka. Watu wakacheka wakasukumana. Akatoka mama mmoja mnene, amevaa hijabu ya kijani, akapiga magoti kwenye nyasi kando ya kijana aliyejilaza kuigiza. Akafungua kanga yake ya kiunoni, akaikunja.

Nilimjua kwa mikono kabla sijaona uso: binti wa jirani, yule aliyeolewa Ruangwa, kumbe naye yuko hapa. Watu walipompigia makofi nilipenya mpaka alipokuwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akanitazama, kisha akapiga ukelele. "We si ndogo wake? Haki ya Mungu, we ndogo wake!" Akanikumbatia, akanipapasa miwani na mashavu, akacheka na kufuta macho. "Kila siku nasema nitakwenda Ruponda, nitakwenda Ruponda. Nyumba, watoto, hata sijui miaka imekwenda vipi. Niambie, shoga yangu hajambo?"

Hakuwa na habari. Rika lake lote halikuwa na habari. Zamani Siku ya Mapya isingepita bila sinia kuuliza nani hayupo na kwa nini. Sasa mtu wao alikuwa kaburini mwaka wa tatu na hakuna aliyewafikishia. Muziki ulikuwa mkubwa, ikanibidi nimwambie sikioni. Aliketi kwenye nyasi, akaifungua ile kanga na kuiweka mapajani. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Alikuwa na nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuwa na mtu. Akajifunika uso kwa kanga, nami nikakaa karibu yake, na watu wa bonanza wakatupita pande zote mbili wakielekea kwenye foleni ya presha.